Kundi la ulinganisho ni nini katika utafiti wa ushauri nasaha?

Mama mmoja anafika kwa mshauri nasaha mjini Masaka. Usingizi hapati, chakula hakipiti. Miezi minne baadaye anacheka, amerudi kupalilia migomba yake. Mshauri husema mazungumzo yamemponya, na pengine ni kweli. Lakini katika miezi hiyo kahawa imeuzwa, deni limelipwa, na msiba umepoa wenyewe. Kipi hasa kilimponya?

Kundi la ulinganisho lipo kwa ajili ya swali hilo. Ni watu wenye shida ileile, wanaopimwa kwa dodoso lilelile, ila tiba inayochunguzwa hawaipati. Nani aingie wapi huamuliwa kwa kura. Mtafiti akichagua mwenyewe, moyo humvuta kwa wale anaoona watapona.

Mfano mzuri tunao hapahapa Uganda. Mwaka 2002, katika wilaya za Masaka na Rakai zilizoumizwa sana na UKIMWI, vijiji 30 viligawanywa kwa kura. Upande mmoja ulipata tiba ya vikundi kwa sonona, yaani huzuni nzito ya muda mrefu, wanaume kwao na wanawake kwao, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofunzwa. Kabla ya hapo, watafiti walikuwa wamewauliza wanavijiji wenyewe huzuni ya namna hii huitwaje, na miongoni mwa majibu ni neno la Kiganda okwekyawa, kujichukia. Hatua hii naithamini kuliko zote: dodoso lisilojua maneno ya watu halipimi kitu.

Kwa waliopata tiba, wenye sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Sasa tazama upande wa pili: kutoka 94 hadi 54.7, bila kikao hata kimoja. Watu wengi walipata nafuu tu kadiri siku zilivyokwenda! Bila kundi lile, nafuu hiyo yote ingehesabiwa kuwa kazi ya tiba. Sifa halali ya tiba ni ile tofauti kati ya pande mbili, na hata hivyo ni kubwa mno.

Je, ni haki kumnyima mtu tiba ili umpime? Wanafunzi wa ushauri nasaha huuliza hivyo, na wana haki ya kuuliza. Ndiyo maana utafiti hupitishwa kwanza na kamati ya maadili, na mshiriki hukubali akijua anachokubali. Kule Masaka na Rakai, wasiopata vikao walikuwa huru kutafuta msaada kwingine. Na anayesema anataka kujiua hasubiri kura: anapelekwa kutibiwa siku hiyohiyo.