Kuunganisha programu ya MIDI na emuleta ya Game Boy: maana yake ni nini?

Kuunganisha programu ya MIDI na emuleta ya mashine ndogo ya michezo, kama vile Game Boy, ni kuiwezesha programu ya kutungia muziki kuiamuru chipu ya sauti ambayo haipo mezani bali inaigizwa ndani ya kompyuta na emuleta, yaani programu inayoiga mashine nyingine. Wengi hudhani kwamba kinachosafiri baina ya programu hizo mbili ni sauti, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

MIDI, mfumo wa mawasiliano ya vyombo vya muziki uliozinduliwa mwaka 1983, haubebi sauti hata chembe. Hubeba maagizo tu. Kubonyeza kitufe kimoja cha kinanda huweza kutoa baiti tatu, tuseme 144, 69 na 100: ya kwanza huagiza noti ianze katika chaneli ya kwanza, ya pili hutaja noti yenyewe, ambayo hapa ni A ya hezi 440, na ya tatu hueleza nguvu ya kidole. Sauti hutengenezwa na anayepokea.

Sasa, Game Boy iliyotoka mwaka 1989 haikuundwa kwa ajili ya MIDI. Ilichokuwa nacho ni tundu la waya wa kuunganishia mashine mbili, linalopitisha biti mojamoja, na emuleta inayoiiga kwa uaminifu hurithi upungufu huohuo. Ndiyo maana mtu anaweza kufungua mlango wa MIDI wa kubuni, kwa IAC katika macOS au loopMIDI katika Windows, akaona ujumbe unapita vizuri kabisa, na bado asisikie chochote: maagizo yamefika mlangoni, lakini ndani hakuna anayeyaelewa. Panahitajika vitu viwili. Kimoja ni programu inayoendeshwa ndani ya Game Boy yenyewe, kama mGB, ambayo husoma baiti zinazoingia kupitia tundu lile na kuzigeuza kuwa namba za rejista za chipu, yaani vihifadhi vidogo vinavyoiambia chipu itoe sauti gani. Cha pili ni daraja la kuzifikisha baiti hizo kwenye tundu. Kwa mashine halisi, daraja hilo ni kifaa kama Arduinoboy. Kwa emuleta, ni msimbo tu. RetroPlug, kwa mfano, huifungia emuleta ya SameBoy ndani ya plagini, yaani kijalizo kinachofunguliwa ndani ya programu ya muziki, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia yenye usumbufu mdogo zaidi, kwa sababu mlango wa kubuni hauhitajiki tena.

Muunganisho ukishakamilika, mipaka ya chipu hujitokeza. Chaneli za MIDI 1 hadi 4 huelekezwa kwenye sauti nne za Game Boy: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya wimbi la kuchorwa, na moja ya kelele. Kila moja hupiga noti moja tu kwa wakati mmoja. Masafa ya wimbi la mraba hupatikana kwa kugawanya 131,072 kwa namba nzima isiyozidi 2,048, kwa hiyo A ya hezi 440 hutoka ikiwa takriban 439.8, tofauti ambayo sikio haliijali, ilhali noti iliyo chini ya namba 36 haiwezi kupigika kabisa, kwani masafa hayashuki chini ya hezi 64. Wimbi la kuchorwa hushuka hadi hezi 32, na ndiyo sababu besi hupelekwa huko. Nguvu ya kidole nayo, yenye ngazi 128 katika MIDI, hubanwa ikawa ngazi 16 kwenye wimbi la mraba.

Upo pia muunganisho wa aina nyingine, ambao hautumi noti bali mapigo ya saa tu, kwa ajili ya programu za kutungia muziki ndani ya Game Boy, kama LSDj, ambazo tayari zina wimbo ndani yake. MIDI hutuma mapigo ya saa 24 kwa kila robo noti. Kwa mwendo wa robo noti 120 kwa dakika, hilo ni pigo moja la saa kila milisekunde 20.8. Emuleta inayosoma ujumbe mara moja tu kwa kila picha ya skrini, yaani kila milisekunde 16.7 hivi, itayapokea mapigo hayo kwa vipindi visivyolingana, na mdundo utayumba hata kama kompyuta ina nguvu nyingi. Kasoro hiyo haiondoki kwa kupunguza bafa ya sauti, yaani akiba ya vipande vidogo vya sauti (sampuli) vinavyosubiri kuchezwa, kutoka sampuli 1,024 hadi 256. Hatua hiyo hupunguza ucheleweshaji kutoka milisekunde 23 hadi 6 hivi, ambalo ni tatizo jingine kabisa.