Je, wajua kwa nini besi hupotea spika ya sikioni inapolegea?

Yeyote anayesikiliza muziki wa simu kwa spika ndogo za kuingiza ndani ya tundu la sikio amewahi kukutana na jambo hili: wimbo ni uleule, sauti haijapunguzwa, lakini akigeuza shingo kumwitikia mtu, gitaa la besi linatoweka na kumwacha mwimbaji akisikika kwa sauti nyembamba, amebaki na matoazi tu. Akiisukuma spika kidogo kwa kidole, besi inarejea. Wengi huhukumu papo hapo kwamba waya umekatika kwa ndani, au kwamba wameuziwa feki, wakaenda kutafuta nyingine. Mara nyingi spika haina kosa lolote. Kile kipira laini cha silikoni kilichovishwa kwenye ncha yake kimeacha upenyo mwembamba kati yake na ngozi ya sikio. Swali ni kwa nini upenyo mdogo kiasi hicho uimalize besi na kuiacha salama sauti ya mwimbaji.

Sauti ni mabadiliko ya haraka ya msukumo wa hewa. Uzi mnene kuliko zote wa gitaa la besi, unapopigwa wazi, hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi lake likisafiri hewani lina urefu unaozidi mita 8. Ndiyo maana spika za besi zinazopangwa ukumbini siku ya harusi ni makasha makubwa yenye viwambo vipana, kwa kuwa kazi yake ni kusukuma hewa ya ukumbi mzima. Spika ya sikioni ina kiwambo ambacho mara nyingi upana wake ni milimita 10 au pungufu, na ukiiweka mezani huwezi kupata besi ya maana hata ukiifungulia hadi mwisho. Inapoingia sikioni na kuziba barabara, hesabu hubadilika. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita 2.5 hivi, na mwisho wake limefungwa na ngoma ya sikio. Kipira kikishaziba upande wa nje, hewa inayobaki katikati ni kidogo mno, kiasi cha sentimita moja au mbili za ujazo. Kiwambo hakihitaji tena kutuma wimbi la mita 8 popote. Kinaibana ile hewa iliyofungiwa na kuiachia, nayo ngoma ya sikio inasukumwa na kuvutwa pamoja nayo.

Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo mfano wa pampu hautamshinda msomaji wa Ngamiani wala wa Makorora. Mpira wa pampu ukiwa haujakaza kwenye valvu, ukisukuma mkono taratibu hewa yote hupitia pembeni na tairi halipati kitu. Ukisukuma kwa ghafla, hewa haiwahi kutoroka yote, na msukumo kiasi unafika. Besi ndiyo ule mkono wa taratibu. Katika kila mtetemo wake hewa ina muda wa kutosha kupita kwenye upenyo kabla msukumo haujajengeka. Sauti ya mwimbaji na ya matoazi, ambayo mitetemo yake ni mamia na maelfu kwa sekunde, hugeuza mwelekeo kabla hewa haijapata njia. Upenyo unapopanuka, kinachokufa kwanza ni besi ya chini kabisa, kisha ile iliyo juu yake, na kuendelea kupanda.

Hasara hiyo si ndogo kwa mtu anayependa muziki wa Tanga wa zamani. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilikuwa bendi za magitaa, na Black Star Musical Club ilipiga taarabu yenye gitaa la besi ndani yake. Mwenye kipira kilicholegea anasikiliza kundi lililopungukiwa mtu mmoja. Sikio lenyewe linazidisha tatizo. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sikio la binadamu linahitaji msukumo mkubwa zaidi ili lisikie sauti nzito kuliko linavyohitaji kwa sauti za kati, na kwamba tofauti hiyo huongezeka kadiri sauti inavyopunguzwa. Kwa sababu hiyo besi iliyopungua kidogo huhisiwa kama iliyokwisha, na msikilizaji hukimbilia kuongeza sauti ya simu. Anachokiongeza hasa ni mwimbaji na matoazi, kwa kuwa besi inaendelea kuvuja.

Hapo ndipo jambo la ladha linapogeuka kuwa jambo la afya. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu, hivi kwamba kwenye desibeli 90 zinabaki saa 4 tu za wiki nzima. Kipira kinachoziba vizuri husaidia mara mbili, kwani kinazuia besi isitoke na kinazuia pia ngurumo za bajaji na bodaboda zisiingie, na mtu anatosheka na sauti ya chini. Haishangazi kwamba spika za namna hii zina undugu wa karibu na vipimo vya usikivu: kampuni ya Etymotic Research ya Marekani, aliyoianzisha Mead Killion mwaka 1983, ilitengeneza spika za kupimia masikio kabla ya kutoa spika ya sikioni iitwayo ER-4 kwa ajili ya muziki mwaka 1991. Niongeze kwa ukali kidogo kwamba kuziba huko hakumfai anayeendesha baiskeli barabarani. Honi ya lori la saruji nayo ni kelele ya nje, na kipira hakibagui.

Kuziba kuna gharama yake nyingine, nayo inatokana na sababu ileile. Ukitembea umeziba masikio, kila hatua inapiga kishindo kichwani. Ukitafuna mhogo wa kukaanga, unasikia kama unavunja kuni. Ukizungumza, sauti yako inavuma. Mwanasayansi Charles Wheatstone wa Uingereza aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1827, zamani kabla ya simu yoyote. Vishindo vya nyayo na vya taya hupita kwenye mifupa na kutikisa kuta za tundu la sikio. Sikio likiwa wazi, sehemu nzito ya mtikisiko huo hutoka nje bila kusikika. Likizibwa, inabanwa ndani na kuifikia ngoma ya sikio. Kwa kifupi, kinachokupa besi ya gitaa ndicho kinachokupa besi ya visigino vyako. Kipira kinachoingia ndani zaidi hupunguza vishindo, kwa sababu kinavuka ile sehemu ya nje ya tundu yenye kuta laini zinazotikisika kwa urahisi, ingawa si kila mtu huvumilia kusukumiwa kitu ndani kiasi hicho. Wenye spika za waya wana kero ya ziada ya waya kusugua kola ya shati, ambayo hupungua sana waya ukizungushwa juu ya sikio kabla ya kushuka.

Kuhusu uchaguzi, pesa ya kwanza ningeitumia kwenye vipira kabla ya kufikiria spika mpya. Spika nyingi huuzwa na vipira vya ukubwa wa aina tatu, na watu wengi hubaki na vile vya kati vilivyovishwa kiwandani, vingine vikipotelea kwenye boksi. Matundu ya masikio ya mtu mmoja si lazima yalingane, kwa hiyo hakuna ubaya wa kuvaa kipira kikubwa kulia na cha kati kushoto. Wakati wa kuvaa, pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, ingiza spika, kisha achia. Ngozi hurudi na kukikumbatia kipira. Baada ya hapo guna kwa sauti nzito huku mdomo umefumba. Guno likivuma kwa nguvu masikio yote mawili, umeziba. Likivuma upande mmoja, upande wa pili unavuja. Fungua na kufunga mdomo pia, kwa sababu taya linapocheza tundu hubadilika umbo, na kipira kidogo mno hubanduka hapo. Katika joto na unyevu wa pwani jasho huifanya silikoni iteleze, na dawa yake ni kuifuta kwa kitambaa mara kwa mara. Vipira vya sponji hushika vizuri zaidi, ila huchakaa upesi.

Anayetoka kuogelea baharini Raskazone asubiri masikio yakauke kwanza, kwa kuwa maji yaliyofungiwa sikioni hulainisha ngozi na kuialika maambukizi. Nta nayo ina njia yake ya kutoka yenyewe taratibu, na spika inayokaa sikioni kutwa huizuia. Hata hivyo njiti ya kiberiti huisukuma ndani zaidi, na aliyeziba kabisa aende kwa daktari. Nta hiyohiyo ikiganda kwenye wavu mdogo wa spika huleta ugonjwa unaofanana na ule wa kuvuja, lakini dalili zake ni tofauti: spika inayovuja hupoteza besi na kubaki na wembamba, ilhali iliyoziba kwa nta hufifia upande mzima, mwimbaji na matoazi wakiwemo. Hiyo ya pili vua kipira chake, kioshe peke yake kwa maji na sabuni na kukikausha, kisha usugue wavu kwa mswaki mkavu huku umeuelekeza chini ili taka zidondoke nje.