Soma fishi yako ya mshahara mpaka mstari wa watoto

Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, mkaaji wa Katuba, alinijia na fishi zake zote za mshahara (karatasi za malipo ya kila mwezi) za mwaka 2024 ndani ya bahasha ya kaki. Akaweka kidole juu ya herufi tatu: IPR. "Papa, hii feza inaendaka wapi?"

Mimi ni mhasibu wa mishahara hapa Lubumbashi, Kongo, na hakuna swali ninaloulizwa sana kuliko hilo. Mwaka huo wa 2024, IPR ilikuwa kodi ya mshahara. Aliyeishi kwa mshahara tu hakwenda mwenyewe DGI, ofisi ya kodi ya serikali, kuitangaza. Mwajiri aliikata, akaitangaza na kuilipa, mwisho tarehe 15 ya mwezi uliofuata. Kwa sababu hiyo mtu aliweza kulipa kodi miaka 20 bila kujua inahesabiwa vipi, na jambo hilo linaniuma.

Tuchukue fishi yake. Mshahara mzima ulikuwa franka 1,000,000. Kwanza inatoka sehemu ya mfanyakazi ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, 5%, yaani 50,000. Zinabaki 950,000, na hizo ndizo zinazotozwa kodi. Yeye alikuwa amezidisha zote kwa 15%, akapata 142,500, na namba yake haikufanana na ya fishi. Alidhani kuna mtu anamchezea.

Kodi hii hupanda kwa ngazi. Katika jedwali la 2024, franka 162,000 za kwanza za mwezi zilitozwa 3%. Kutoka hapo hadi 1,800,000 ilikuwa 15%, halafu 30% hadi 3,600,000, na 40% kwa kinachozidi, ila kodi yote haikuvuka 30% ya mapato yaliyotozwa. Kila ngazi inagusa fedha zilizo ndani yake tu. Kwa hiyo: 162,000 kwa 3% ni 4,860, zile 788,000 zilizobaki kwa 15% ni 118,200. Jumla 123,060. Ndiyo namba iliyokuwa kwenye fishi. Mtu asikudanganye ukatae nyongeza ya mshahara eti utaingia ngazi ya juu na kupoteza: ngazi mpya inakata nyongeza peke yake.

Hesabu ilikuwa sawa, lakini karatasi ilikuwa na kosa mahali pengine. Chini ya jina lake iliandikwa "personnes à charge: 0", yaani hana mtu anayemlea. Nikamuuliza nyumbani wako wangapi. Mke, watoto wanne, na mama mkwe anayekaa nao.

Sheria ya 2024 ilipunguza kodi kwa 2% kwa kila mtu unayemlea, hadi watu 9. Mke alihesabiwa, watoto ambao hawajaoa wala kuolewa, watoto walio chini ya ulezi wako, hata wazazi wako na wa mwenzako, mradi waliishi katika nyumba yako. Angalia vizuri: ile 2% ilitoka kwenye kodi, haikutoka kwenye mshahara. Kwa watu sita ni 12% ya 123,060, yaani franka 14,767 kila mwezi. Kwa mwaka zinapita 177,000. Hapo kuna daftari, viatu na yunifomu za watoto.

Hakuna aliyemwibia. Alipoajiriwa alikuwa bado kijana bila mke, na tangu siku ile hakupeleka karatasi yoyote kwa ofisi ya wafanyakazi kazini. Tuliandaa barua fupi, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na karatasi ya kuonyesha kwamba mama mkwe anaishi hapo. Nilimsisitiza apeleke nakala, abaki na zile za asili, na barua ipigwe muhuri wa kupokelewa.

Kama mkataba wako ni wa dola, uliza walitumia kiwango gani kuzigeuza franka kabla ya kuingia katika jedwali. Na fishi usizitupe. Siku mwajiri akidaiwa kodi aliyokukata bila kuipeleka, karatasi hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba wewe ulishakatwa.

Mwezi uliofuata alirudi na fishi mpya. Mstari ule wa watu anaowalea ulisoma 6, na IPR 108,293.