Boti ya kuvulia ukiwa likizo pwani: yasemwayo na yalivyo

Agosti ikifika, na Desemba tena, wageni kutoka Nairobi, Arusha na Kampala huteremka pwani na swali lilelile: tukodi boti ipi twende kuvua? Majibu hayakosekani. Anayo mhudumu wa hoteli, anayo dereva wa tuktuk, anayo kijana aliyekaa chini ya mkungu ufukweni, na mengi katika hayo hayana mguu wala kichwa. Hapa nazungumzia zaidi Watamu na Malindi, ingawa anayekwenda Shimoni, Nungwi au Mafia naye atayakuta mengi ya haya. Nitakaloshikilia tangu mwanzo ni hili: ukikodi boti ya uvuvi, fedha yako haiendi kwenye boti. Inaendea kichwa cha nahodha na upepo wa mwezi ule.

"Samaki wapo mwaka mzima, njoo siku yoyote"

Wapo, lakini si wale wa kwenye picha za ukutani hotelini, na bahari haikupi ruhusa ya kuwafuata kila mwezi. Pwani hii inatawaliwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi huingia Aprili na kwenda hadi Septemba, na makali yake huwa Mei, Juni na Julai. Katika miezi hiyo boti nyingi za uvuvi wa mchezo za Watamu na Malindi hupandishwa nchi kavu, zikakwanguliwa, zikapigwa rangi, injini zikafunguliwa. Mtu anayekuahidi marlini, yule samaki mkubwa mwenye mdomo kama mkuki, katikati ya Juni, muulize kwanza wenzake wako wapi.

Kusi ikianza kulegea mwezi Agosti, mambo hubadilika. Jodari wa mapezi ya njano hupita kwa makundi hadi kama Oktoba, na hapo ndipo utakapomjua nahodha: macho yake hayatakuwa kwenye maji bali angani, akitafuta ndege wanaojirusha baharini, kwa maana chini ya ndege kuna dagaa na chini ya dagaa kuna jodari. Kati ya pepo hizo mbili bahari hutulia, na kuanzia hapo hadi Januari sulisuli, yule mwenye tanga mgongoni, ndiye anayeipa Malindi jina. Marlini ni wa Kaskazi. Januari na Februari ndiyo miezi yake.

Sasa tazama Pasaka, ambayo watu huihesabu kama likizo moja tu kila mwaka. Mwaka 2024 iliangukia tarehe 31 Machi. Mwaka 2025 ikawa 20 Aprili. Tofauti ni karibu wiki tatu, lakini ya kwanza ilikuwa kwenye mkia wa Kaskazi na ya pili mlangoni mwa Kusi na masika. Aliyeenda mwaka mmoja akafurahi, akawaambia marafiki zake waende mwaka uliofuata kwa sababu "Pasaka ni nzuri", hakudanganya. Alisahau tu kwamba bahari haifuati kalenda ya kanisa.

Malindi ina kisa chake cha ziada. Mto Sabaki ukifurika, maji ya pwani hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na wageni wengi huona siku imeharibika. Kwa kuogelea, kweli imeharibika. Kwa uvuvi si lazima. Pale maji ya udongo yanapokutana na maji ya buluu hutokea mstari unaoonekana kwa macho, na samaki wadogo hukusanyika hapo, na wakubwa huwafuata. Nahodha mjuzi huupitia mstari ule kama anayefuata ukuta.

"Boti kubwa ndiyo boti nzuri"

Ukubwa unasaidia kivuli na choo, basi. Nenda ukaione boti jioni ya kuamkia safari, kwa sababu saa kumi na mbili asubuhi, mizigo ikiwa mabegani na watoto wakiwa na furaha, hutakuwa na ubavu wa kusema hapana.

Ukipanda, usianze na viti. Shika rili moja, ile roda ya kukunjia mshipi kwenye fimbo, uitazame. Rili iliyosuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi baada ya safari huwa laini mkononi. Iliyoachwa huwa na unga mweupe wa chumvi kwenye mpini, na ukiuzungusha inakwaruza. Tazama ndoano kama zina kutu. Tazama mshipi mita mbili tatu za mwisho, uupitishe kati ya kucha mbili: ukihisi mikwaruzo, ndipo utakapokatikia. Mabaharia wanaotunza vitu vidogo hivi hutunza na injini. Wasiovitunza, sijui kwa nini tuamini kwamba wamebadilisha chujio la mafuta.

Kisha omba kuona jaketi okozi, na usikubali jibu la kidole kinachoonyesha chini ya kiti. Zitolewe. Zihesabiwe. Kama una mtoto wa miaka sita, iwepo ya ukubwa wake, kwani jaketi ya mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiingia majini. Injini ziwe mbili, ili moja ikizima nyingine ikurudishe. Iwepo redio ya VHF inayofanya kazi, nahodha akuwashie chaneli 16, ile ya dharura, uisikie, maana simu ya mkononi huishiwa mtandao mapema kuliko watu wanavyodhani. Kenya boti hizi hukaguliwa na mamlaka ya bahari, KMA. Tanzania Bara ni TASAC, na Zanzibar wana mamlaka yao. Cheti cha ukaguzi kina tarehe na idadi ya abiria. Kuomba kukiona si ujeuri, na nahodha mwenye nacho hukitoa bila kununa.

"Ufukweni ni bei nafuu, na ni kitu kilekile"

"Bosi, boti ni yangu, usiende kwa ofisi, wale watakupiga bei." Huenda ni kweli. Mara nyingi si kweli: anayeongea ni dalali, kule Unguja wangemwita papasi, na akishapokea arubuni atakwenda kutafuta boti iliyo tayari kukubali kilichobaki. Sisemi dalali ni mwizi. Wengi wanatafuta riziki kama wewe na mimi. Nasema tu usilipe senti kabla hujazungumza na nahodha mwenyewe.

Boti za uvuvi wa mchezo kwa kawaida hutozwa kwa boti, si kwa kichwa, kwa hiyo watu wanne wakigawana bei ya "ofisini" huweza kukuta haiko mbali na ile ya ufukweni. Maswali ya kuuliza hayahitaji utaalamu: mafuta yamo? Chambo? Maji na chakula? Tukighairi kwa sababu ya upepo, fedha inarudi au tunapewa siku nyingine? Omba majibu kwa WhatsApp, yabaki maandishi.

"Nusu siku inatosha kumpata marlini"

Kidogo kuna ukweli. Mbele ya Watamu kina huporomoka upesi, na hulazimiki kusafiri nusu ya siku kuyafikia maji ya buluu. Lakini nusu siku, yaani kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tano au sita, ukiondoa kwenda na kurudi, inakuachia saa chache za kurambaza na chambo nyuma ya boti. Saa hizo zinatosha kabisa kwa nguru, kolekole, mzia, na katika msimu wake hata sulisuli. Ni safari nzuri kwa wenye watoto au wanaojaribu mara ya kwanza. Marlini anaweza kuja dakika ya kumi. Anaweza pia asije siku tatu mfululizo, na hakuna nahodha duniani anayeweza kukuuzia dhamana yake. Anayekuahidi samaki kwa jina anakuuzia maneno.

Na kama unachotaka ni kitoweo na mazungumzo, sahau fimbo na rili. Mashua ya mvuvi wa kijijini, mshipi wa mkono, kipande cha ngisi, changu na chewa kutoka chini: hiyo ni nusu siku ambayo mimi ningeichagua kabla ya boti yoyote nyeupe, mradi masharti ya jaketi yabaki palepale.

"Nimemvua mimi, ni wangu"

Hapa ndipo ugomvi huanza, tena gatini, mbele ya watu. Kwenye boti nyingi za kukodi Kenya, desturi ni kwamba samaki ni wa boti. Mgeni hukatiwa kipande cha kutosha chakula chake cha jioni, na waliobaki huuzwa. Mgeni aliyelipa mamia ya dola huona ameibiwa. Baharia anashangaa mgeni atawafanyia nini jodari wanne wa kilo thelathini katika chumba cha hoteli. Wote wawili wana hoja, na tatizo ni kwamba hakuna aliyeuliza asubuhi. Uliza. Boti nyingine zina masharti tofauti, na ukisema mapema kwamba unataka nguru mmoja mzima wa kwenda naye Nairobi kwenye barafu, kwa kawaida mtaelewana.

"Kumrudisha samaki baharini ni israfu ya wazungu"

Hii nimeisikia kwa wazee ninaowaheshimu, na ninaielewa. Aliyelala na njaa hawezi kufurahia kuona samaki wa kilo themanini akiachiwa aende zake. Lakini hesabu ya sulisuli na marlini si hesabu ya changu. Ni wawindaji wa juu baharini, hawana wingi wa dagaa, na wanakabiliwa na nyavu na mishipi mirefu ya meli za kibiashara katika Bahari ya Hindi yote. Boti inayomrudisha marlini leo huweza kuleta mgeni mwingine atakayelipa kumtafuta kesho, na nahodha, baharia, muuza chambo na fundi wa injini wote hula humo.

Watamu kuna shirika liitwalo African Billfish Foundation linaloratibu uwekaji wa alama. Samaki huvutwa hadi ubavuni mwa boti, huchomekwa kialama chembamba chenye namba karibu na pezi la mgongo, urefu wake ukakadiriwa, mahali pakaandikwa, kisha akaachiwa. Siku mvuvi mwingine akimnasa na kuripoti namba ile, hujulikana alikotoka, alikofika na muda aliotumia. Mvuvi wa ngalawa anayekuta alama hiyo ndani ya samaki wake ana taarifa yenye thamani kama ya nahodha wa boti ya kifahari.

Ila si kila anayesema "tunaachia" anaachia samaki aliye hai. Muulize nahodha anatumia ndoano gani. Ndoano ya mviringo hunasa zaidi kwenye kona ya mdomo. Ile ya kawaida yenye chambo halisi humezwa mara nyingi zaidi hadi tumboni. Na picha ya marlini aliyelazwa juu ya boti, mgeni akimkumbatia, kisha maneno "tukamwachia", usiisifu sana. Samaki yule alipaswa kubaki majini.

"Tuvue mbugani, ndiko samaki walikojaa"

Wamejaa kwa sababu havuliwi. Mbuga za taifa za baharini za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, na ndani yake uvuvi wote ni marufuku, uwe wa fimbo, mshipi au mkuki. Maeneo ya akiba yanayozizunguka yana kanuni nyingine, zinazoruhusu uvuvi wa kiasili. Kisite, mbele ya Shimoni, ni vilevile marufuku. Mafia, hifadhi iliyoanzishwa 1995 imegawanywa kwa kanda, kila kanda na ruhusa zake, na miamba ya Chumbe kule Unguja imefungwa kwa wavuvi tangu 1994. Nahodha akipunguza mwendo juu ya miamba ya mbuga akakupa mshipi, anakuingiza kwenye kesi.

Yaliyobaki, kwa haraka

Watu husema uvuvi huu unataka ujuzi. Hautaki, mabaharia watakuwekea kila kitu na kukuelekeza. Unachohitaji ni kuamua mapema nani anashika fimbo samaki akija, maana mkianza kubishana mshipi ukikimbia, mmempoteza. Na kama unaota rekodi, kanuni za chama cha kimataifa, IGFA, hazimtambui samaki ambaye fimbo yake imeguswa na mtu wa pili.

Vidonge vya kuzuia kutapika humezwa saa moja kabla ya kupanda. Ukishaanza kulewa bahari umechelewa: tazama upeo wa macho, kaa kwenye hewa mbali na moshi wa injini, na usishuke chumbani kulala.

Nahodha akipiga simu saa kumi na moja alfajiri kusema leo hatutoki, usimwite mvivu. Ameamka kabla yako, amekwenda kutazama mlango wa bahari, ameona mawimbi yanavyovunjika pale maji yakipwa, na amekubali kupoteza mapato ya siku. Mtu huyo mrudie kesho. Ndiye uliyekuwa unamtafuta.

Kuhusu ndizi, ambazo wavuvi wa mchezo duniani kote hudai zinaleta mkosi ndani ya boti: hakuna ushahidi wowote. Hata hivyo baharia akikuomba uache mkungu wako ufukweni, uache. Ni yeye atakayekufungia ndoano.