Wakili, andika udhaifu wa kesi yako kabla ya barua ya madai

Malalamiko yanayotufikia kwenye usuluhishi yanafanana: "Wakili aliniambia kesi hii ni yangu, mbona nimeshindwa?" Mara nyingi wakili huyo hakudanganya. Aliamini.

Anayesoma jalada akijua anamtetea nani hulisoma kwa jicho la upande huo. Huko Marekani, Linda Babcock, George Loewenstein na wenzao waliwapa watu jalada moja la ajali ya barabarani, wajadiliane fidia. Waliojua upande wao kabla ya kusoma walishindwa kuafikiana kwa asilimia 28. Walioambiwa baada ya kusoma, asilimia 6. Katika jaribio jingine, kuorodhesha kwanza udhaifu wa upande wao wenyewe kulishusha mikwamo kutoka asilimia 35 hadi 4.

Kwa hiyo gawanya karatasi safu mbili, kabla ya barua ya madai, si asubuhi ya kikao. Tuseme mkandarasi anadai shilingi milioni 40. Kushoto: mkataba upo. Kulia: ukurasa wa bei hauna saini ya mdaiwa. Kushoto: kazi imekamilika. Kulia: hakuna hati ya makabidhiano. Kushoto: kulikuwa na kazi za nyongeza. Kulia: ziliagizwa kwa simu. "Mteja wangu ni mkweli" haiingii safu yoyote.

Sasa hesabu, ambayo wengi huikosea. Ukijipa asilimia 80 katika kila hoja kati ya hizo tatu, na zote ni lazima zithibitike, nafasi yako si 80. Ni 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani takriban asilimia 51. Milioni 40 zimekuwa kama 20. Toa milioni 5 za kuendesha kesi, zimebaki 15. Ofa ya milioni 18 iliyokataliwa kwa hasira ilikuwa nzuri.

Orodha peke yake haitoshi. Utafiti wa 2010 kwa mawakili 481 wa Marekani ulionyesha kuwa kuwataka wataje sababu za kutofikia lengo lao katika kesi hakukupunguza kujiamini kwao kupita kiasi. Mpe basi jalada wakili mwenzako wa ofisi hiyohiyo, usimwambie mnamtetea nani, naye aandike makadirio yake kabla hajasikia yako.

Kuhusu utaratibu, hapa Tanzania Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inaweka usuluhishi usiozidi siku 30 tangu kikao cha kwanza. Asiyefika bila sababu ya msingi, jalada hurudi kwa jaji au hakimu, ambaye anaweza kufuta shauri ikiwa ni mdai, kuondoa utetezi ikiwa ni mdaiwa, au kuamuru alipe gharama. Kumtuma karani akaombe tarehe nyingine si kuhudhuria. Yanayosemwa ndani ni siri na hayageuzwi ushahidi, hivyo ile hofu kwamba kukiri udhaifu mbele ya msuluhishi ni kuiuza kesi haina msingi. Tumeieleza mara nyingi mno.

Na wananchi mnachangia. Wakili akikuonyesha mashimo unahama, unamfuata anayeahidi ushindi, kama vile unatafuta mganga. Kabla ya kusaini makubaliano ya malipo ya wakili, mwombe akuonyeshe safu ya kulia. Ikiwa tupu, mrudishie aijaze.