Umemeza nini jana usiku? Maswali kuhusu dawa za usingizi na upasuaji wa saratani

Dawa ya kutuliza na nusu kaputi zinatofautianaje?
Dawa ya kutuliza hupunguza hofu na kuleta usingizi mwepesi, ukiitwa unaitika. Nusu kaputi ni usingizi mzito: husikii kisu, na mara nyingi mashine ndiyo inayokupumulia.

Nina vidonge vya diazepamu (dawa ya kutuliza) nyumbani. Nimeze kimoja usiku wa kuamkia upasuaji ili nisiogope?
Hapana. Ukiwa na hofu tuambie sisi wataalamu wa usingizi, tunaokulaza kwa upasuaji; tunayo dawa yake na tutakupa huku tukikuangalia. Wagonjwa wengi wananunua vidonge hivi duka la dawa la mtaani bila cheti, wanameza kimyakimya, asubuhi wanaapa hawajatumia kitu. Tafadhali, acheni.

Kidonge kimoja tu kina shida gani?
Hakiishi asubuhi. Diazepamu hukaa mwilini zaidi ya siku moja, na kwa mzee au mwenye ini bovu hukaa zaidi. Juu yake sisi tunaongeza midazolamu ya kutuliza, morfini ya maumivu, kisha propofoli ya kulaza. Zikikutana, pumzi inapungua na presha inashuka. Mgonjwa wa saratani mara nyingi ameshakonda, damu imepungua, na wengine wamepata kemo (dawa ya kuua saratani) ya doksorubisini ambayo inaweza kudhoofisha moyo. Dozi inayomlaza mtu mwenye nguvu inaweza kumwangusha yeye. Ndiyo maana tunapima kidogo kidogo, na ndiyo maana tunauliza umemeza nini.

Si mtaona kwenye mashine?
Mashine inaonyesha mapigo ya moyo, presha, oksijeni na hewa unayotoa. Jina la kidonge haionyeshi. Presha ikiporomoka tunaanza kutafuta: anavuja damu? Ni moyo? Ni mzio? Dakika zinakwenda, kumbe karatasi ya vidonge imefungwa kwenye pindo la khanga ya shangazi aliyekaa nje kwenye benchi, naye aliambiwa asiseme.

Nikisema, si mtaniahirisha?
Mara nyingi hapana. Tunapunguza dozi, au tunachagua dawa kama ketamini, ambayo kwa wagonjwa wengi haishushi presha kama propofoli. Hata tukiahirisha, afadhali hivyo kuliko moyo kusimama mezani. Sema.

Mimi natumia diazepamu kila siku, pamoja na morfini ya maji. Niache?
Usiache ghafla! Mwili uliozoea ukinyimwa hutetemeka, jasho linatoka, presha inapanda, na kwa waliozoea diazepamu hata degedege huja. Endelea na dozi yako hadi tukuelekeze, lakini tujue. Ukificha, tutakupa dawa ya maumivu isiyokutosha na utaamka unalia.

Pombe, bangi, mizizi ya mganga?
Hivyo pia tuambie. Hatukuhukumu wala hatukupeleki polisi. Kama unaona aibu mbele ya mkwe au watoto, omba kuongea na mtaalamu wa usingizi peke yako. Ndugu watasubiri nje.

Na chakula?
"Hajala, dokta, amekunywa chai ya maziwa tu." Chai ya maziwa ni chakula. Chakula chepesi na maziwa mwisho ni masaa 6 kabla ya kulazwa kwa dawa ya usingizi, vya mafuta masaa 8 kabla, maji matupu masaa 2 kabla, isipokuwa umeelekezwa vingine. Tumbo likiwa limejaa, matapishi yanaweza kuingia mapafuni.

Nije na nini siku ya kuonana na mtaalamu wa usingizi?
Mfuko wenye dawa zote ulizonazo nyumbani: za presha, za sukari, za usingizi, chupa ya morfini, hata zile za kuazima kwa jirani. Ongeza karatasi zako za kemo, iwe ulipewa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, au kwingine. Za presha na sukari usijipangie mwenyewe. Zipo za kumeza asubuhi ile na zipo za kusimamisha, tutakuandikia ipi ni ipi.