Je, wajua kwa nini Misri huongoza Michezo ya Afrika, ilhali mbio ni za Wakenya?

Mara nyingi Michezo ya Afrika inapokwisha, shabiki wa riadha wa huku kwetu hukuna kichwa. Amewaona Wakenya na Waethiopia wakitamba uwanjani, kisha akitazama jedwali la medali anaikuta Misri kileleni. Tena kwa mbali: jijini Rabat mwaka 2019 ilizoa dhahabu 102, na Accra, Machi 2024, ikazoa 101.

Inakuwaje? Anza na hesabu. Jedwali hupangwa kwa idadi ya dhahabu, na dhahabu ya timu nzima ya soka ni moja tu, sawa na ya muogeleaji aliyemaliza kazi yake kwa nusu dakika. Mbio za kati na ndefu, ambako Afrika Mashariki ndiyo hutamba, hazifiki hata kumi na tano ukijumlisha wanaume na wanawake. Wakenya wazishinde zote, Waethiopia wakae tu watazame, bado 102 ni ndoto.

Mchukue Filbert Bayi. Mtanzania huyu alishinda meta 1500 Lagos mwaka 1973, akimwacha nyuma Mkenya Kipchoge Keino, akarudia Algiers mwaka 1978. Miaka mitano ya jasho, dhahabu mbili.

Sasa mtazame mnyanyua vizito. Kwenye Michezo ya Afrika hutolewa medali ya kunyanyua kwa mkupuo mmoja hadi juu ya kichwa, nyingine ya kunyanyua kwa hatua mbili, kwanza mabegani kisha juu, halafu ya tatu kwa jumla ya hizo mbili. Mtu mmoja, siku moja, dhahabu tatu! Zidisha kwa madaraja yote ya uzito, wanaume na wanawake. Ongeza bwawa la kuogelea, mieleka, judo, karate na mchezo wa vitara (kushindana kwa panga nyembamba), uone Misri inavyochota kwa ndoo wakati wengine wanachota kwa kikombe.

Lakini ndoo hiyo ina gharama. Kukimbia unaweza kuanzia barabara ya vumbi. Kuogelea kunataka bwawa, maji safi na kocha. Sisi tunaijua Al Ahly kama timu inayokuja kuzisumbua Simba na Yanga, kumbe kwao ni klabu ya michezo mingi yenye wanachama, mpira wa mikono, wavu, kikapu na kuogelea. Mtoto wa mwanachama hukulia humo.

Si kwamba Misri haishikiki. Afrika Kusini, iliyokuwa imetengwa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, iliingia kwa mara ya kwanza Harare mwaka 1995 na ikaongoza papo hapo. Nigeria nayo iliongoza nyumbani, Abuja, mwaka 2003.

Na Olimpiki? Huko mambo hugeuka. Paris 2024 Kenya ilirudi na medali 11, nne za dhahabu, mbili kati ya hizo za mkimbiaji Beatrice Chebet peke yake. Misri ilipata tatu, dhahabu ikiwa moja. Mnyanyua vizito wao, Sara Ahmed, alinyanyua kwa mitindo yote miwili kama kawaida, ila Olimpiki huhesabu jumla tu. Akaondoka na fedha moja.